Mkwe Nyuma ya Pazia

Nilivuta shuka mpaka kidevuni nikamwambia binti yangu Judy, "Mwambie huyo aliye nje asiguse pazia langu."

Huyo aliye nje alikuwa Kyalo, mumewe, nesi wa hospitali hiyo. Alikuwa ameshika trei ya dawa na shashi, na kazi aliyopewa asubuhi ile ilikuwa kuosha kidonda kilichoanzia juu ya goti langu na kupanda paja zima. Mimi ni Mgiriama, yeye Mkamba, na kwa hili makabila yetu hayatofautiani hata chembe: mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali sinia moja, na chumba alalacho mmoja mwenzake hatii mguu. Sasa niambie, huyo angenitazama paja kwa macho gani?

Mwaka umepita, na bado nikikumbuka natokwa jasho.

Karai la mafuta ndilo lililonipeleka pale. Nilikuwa nikikaanga bhajia kibandani kwangu Mtongwe, mguu wa meza ukakatika, nami badala ya kuruka nikakimbilia kuokoa viazi, mafuta yakanimwagikia pajani. Huko wodini niliangukia mikononi mwa nesi Carolyne, mwanamke wa kazi, na kwa wepesi wa mkono sina la kumlaumu. Ila Carolyne hakuwa na maneno. Alikuja, akafunua, akabandua bendeji, pazia liko wazi, na wageni wa kitanda cha pili wananikodolea macho huku wakimenya machungwa. Jina langu ni Sidi, lakini kwake nilikuwa "yule wa mafuta". Kidonda kilikuwa kikipona, mimi mwenyewe nikizidi kusinyaa.

Kisha Carolyne akafiwa, akasafiri kwao bara. Manesi wanawake waliosalia walikuwa wamezidiwa na kazi upande wa wazazi, kwa hiyo wodi yetu akapewa Kyalo. Nilikataa siku hiyo, na kesho yake pia nikakataa. Haukupita muda harufu ya kidonda ikanifikia mimi mwenyewe, homa ikanipanda, meno yakawa yanagongana. Daktari Mwangi akaja kunikemea.

"Mama, kisiposafishwa leo tutaanza kuzungumza habari ya kukata mguu. Hapa hakuna mkwe. Kuna nesi na mgonjwa."

Nilimsikia Kyalo akijibu kwa upole nyuma ya pazia. "Mkwe yupo, daktari. Nipe nafasi kidogo nitafute njia."

Nilimpenda kwa neno lile. Nilimchukia pia, maana lilinifunga mdomo.

Njia aliyoipata ilikuwa Judy. Alimvisha glavu, akampa trei, yeye mwenyewe akasimama nje ametupa kisogo, akawa anaelekeza kwa sauti. Lowesha kwanza. Usivute. Ngoja iachie yenyewe. Judy wangu, ambaye tangu utotoni kuku akichinjwa hujifungia chumbani, alilowesha, akangoja, halafu akavuta. Nilipiga yowe. Shashi ilikuwa imegandana na nyama, damu ikachuruzika, na mwanangu akaangua kilio.

"Mama, siwezi. Nitakuua mimi!"

"Judy, kandamiza na shashi safi," Kyalo akasema. "Hivyo hivyo, usiachie." Kisha akateremsha sauti. "Mama, niko hapa. Wewe ndiye mwenye kusema."

Angeweza kuingia, na nani angemlaumu? Daktari alikwisha kumpa ruhusa. Lakini niliviona viatu vyake chini ya pazia, havikusogea. Tangu niungue kila mtu alikuwa akiniamulia: walionibeba, walionilaza, walionifunua. Huyu ndiye wa kwanza kuningoja, na aliningoja wakati mguu wangu unaoza na lawama zote zingemwangukia yeye.

Nikajifunika leso usoni.

"Nesi," nikaita. "Nesi, njoo."

Aliingia. Kwanza alilivuta pazia, akalibana pande zote kwa vibanio pasibaki mwanya. Kisha akanitandika shuka juu ya shuka, pakabaki wazi kidonda peke yake. Kila alichotaka kufanya alikitaja kabla hajakifanya.

"Mama, namimina maji ya chumvi, yatakuwa baridi. Sasa nitaondoa kipande cha juu, na hiki kitauma. Ukitaka nisimame, inua mkono."

Niliinua mkono mara nyingi, nyingine kwa maumivu na nyingine, nakiri, kwa ukorofi tu, nione kama atasimama kweli. Alisimama kila mara. Chini ya leso nililia, na si kwa uchungu wa kidonda pekee. Nililala paja wazi mbele ya mkwe wangu, na ndipo nilipojihisi mtu mzima mwenye heshima zake, kwa mara ya kwanza tangu niingie pale. Mpaka leo sijui nimweleze nani jambo hilo akanielewa.

Akaniuguza hivyo kila siku, pazia limebanwa, leso usoni, mpaka homa ikaisha na ngozi mpya ikashika.

Siku niliyoruhusiwa, Judy alitangulia na mkoba, nami nikamfuata nikichechemea katika ujia ule mwembamba wa kutokea nje. Kyalo alikuwa anaingia kazini, hajavaa sare bado, amevaa shati lake la nyumbani. Aliponiona akasimama. Kisha akageuka, akauelekeza uso wake ukutani, akainamisha kichwa, kama mkwe yeyote anavyompisha mama mkwe njiani. Watu waliokuwa wakipita walimshangaa, na mmoja akamwuliza kama anaumwa. Hakujibu wala hakugeuka.

Nikavuta leso kichwani, nikapita nikiambaa ukuta wa pili, polepole, kwa miguu yangu yote miwili.