Blauzi ya Mikono Mirefu

Kwenye duka la ushonaji walimwita Sanamu, kwa sababu fundi mkuu hakuwa na imani na sanamu za plastiki. Kila gauni lilijaribiwa kwanza kwenye mwili wa mtu anayepumua, na mwili huo ulikuwa wake. Jina alilipenda. Mdomo nao alikuwa nao, na chanjo ya korona ilipofika mtaani aligeuka mhubiri. Waliosita aliwacheka mpaka wakakosa pa kuficha uso. Aliyesita kuliko wote ni wifi yake, mke wa kaka yake, aliyeshona vifungo meza ya pili na aliyekuwa bado ananyonyesha. Sanamu alimkokota hadi zahanati, wakachanjwa siku moja.

Wiki iliyofuata, akiwa anaoga, Sanamu aliona chini ya bega pamevimba, pamekuwa pekundu, panawasha kama pamepakwa upupu. Alijifunika mtandio akaenda zahanati kwa kunyemelea kama mwizi. Muuguzi alipatazama bila hata kuweka kalamu chini. Alimweleza kwamba ngozi za baadhi ya watu hufanya hivyo baada ya chanjo, na kwamba hata korona yenyewe huwatoa wengine vipele. Haiambukizi, itapita yenyewe. Akamshauri awaambie wenzake, wasije wakashtuka.

Awaambie? Yeye? Akilini alishawaona wakimcheka, hasa wale aliowasuta. Basi akavaa blauzi ya mikono mirefu kwenye joto lote lile, na gauni lisilo na mikono lilipokuja kujaribiwa akasingizia tumbo.

Jumanne wifi alifika kazini na mkono mwekundu. Mteja aliyekuwa akipimwa kiuno alirudi nyuma hadi akamwaga kopo la pini. Fundi mkuu si mtu mbaya, ila wateja anawaogopa. Alimwomba wifi akapumzike nyumbani mpaka ijulikane ana nini. Wifi alikusanya vitu vyake taratibu, wenzake wote wakijifanya wanatunga uzi. Mlangoni akamgeukia Sanamu.

"Wifi, wewe hukutokwa na kitu?"

"Mimi? Hata kipele."

Jibu lilimtoka kabla hajalifikiria, kisha aibu ikampanda hadi masikioni. Alijiambia atapita jioni amweleze. Jioni akawa amechoka. Kesho yake kazi zikawa nyingi. Mwoga yule hakukosa la kusingizia.

Ijumaa kaka yake alimpigia simu aende kuwasaidia, mtoto hanyamazi. Alimkuta mama yao sebuleni akimnywesha mtoto maziwa ya kopo kwa kijiko, mtoto anayatema, sauti imemkauka kwa kulia. Mama alimnong'oneza kwamba mkwewe amejifungia chumbani tangu Jumanne na hataki kumgusa mwanawe, anaogopa kumwambukiza. Anasema kama ingekuwa ni chanjo, basi hata wifi yake angetokwa.

Sanamu alitamani ardhi immeze. Aligonga mlango wa chumbani, akabembeleza mpaka ukafunguliwa. Wifi alikuwa na macho mekundu, na kanga ya kifuani imelowa maziwa. Sanamu akapandisha mkono wa blauzi hadi begani. Wekundu ulikuwa umefifia, lakini ulionekana.

"Ni chanjo, wifi. Haiambukizi. Muuguzi aliniambia."

Wifi aliutazama mkono ule, kisha uso wake.

"Alikuambia lini?"

"Kabla ya Jumanne."

Sanamu alisubiri matusi, angeshukuru kutukanwa. Wifi alimpita pembeni bila kumgusa, akaenda sebuleni, akamchukua mtoto kwa mama mkwe wake. Akaketi, akampa ziwa. Mtoto alilidaka akanyamaza.

Mama aliuliza nani amemtoa hofu ghafla hivyo.

"Muulize mwanao, mama," wifi alisema, macho yake kwa mtoto. "Yeye alikuwa anajua siku zote."

Mama aligeuka. Sanamu alikuwa amesimama mlangoni, bega wazi.