Kisiki Ambacho Hakikuwepo

Niko hapa Megara, uhamishoni, kwa sababu mwanangu ana hekima. Msinicheke, nisikilizeni.

Jirani yangu Mnesilos, mtu wa kijicho tangu utotoni, alinishtaki kule Athene. Eti miaka mingi iliyopita niling'oa kisiki cha mzeituni mtakatifu shambani kwangu. Mizeituni ile ni mali ya mungu Athena. Hata kikibaki kisiki kikavu, hakiguswi. Ukipatikana na hatia unafukuzwa nchini na shamba linachukuliwa. Sasa mimi sikung'oa kitu. Hapakuwa na kisiki pale, naapa kwa makaburi ya wazazi wangu.

Mahakamani kwetu kila mtu hujitetea mwenyewe, au husaidiwa na jamaa yake, na muda hupimwa kwa mtungi unaovuja maji. Yakikwisha, unanyamaza. Nikasema maneno machache, maji yote yaliyobaki nikamwachia mwanangu Telenikos, msomi wetu, aliyekuwa akishinda sokoni na wale walimu wa hekima.

"Sema umekulia pale na hukuona kisiki," nilimwambia. "Halafu ukae."

Akasimama, akajikohoza. "Wananchi, kabla sijasema niliona au sikuona, tuulizane kwanza, kujua ni nini?"

Maji yanachuruzika. Nikamvuta nguo. "Kisiki, wewe! Taja kisiki!"

"Nakuja huko, baba."

Wapi! Akasema mwenye hekima hadai kujua asichokijua. Kwamba mwaka ule alikuwa mtoto, na kumbukumbu za mtoto si ujuzi. Huenda kisiki kilikuwepo, huenda hakikuwepo. Waamuzi wakaangua kicheko. Mzee mmoja wa mbele akamuuliza, "Bwana mdogo, unamtetea baba yako au unamzika?" Maji yakakwisha yeye bado anachambua maana ya kuona.

Kura zikapigwa, nikashindwa vibaya.

Nyumbani mke wangu Filumene alikuwa anafunga furushi langu huku analia. Telenikos akasimama mlangoni, hana hata aibu.

"Baba, ulitaka niseme najua wakati sijui?"

Ningeweza kumpiga.

"Nilitaka uniamini," nikamwambia. "Mimi baba yako nimekwambia hapakuwa na kisiki. Unaniamini au huniamini?"

Akainamisha kichwa, anafikiri.

Nikabeba furushi langu nikaondoka kabla hajapata jibu.