Boriti ya Chumba cha Ndama

Kidole gumba cha Kefa kilizama kwenye boriti kama kinavyozama kwenye tonge la ugali, na huko ndani kikawakuta mchwa wakila bila haraka, kama wageni walioalikwa. Akakichomoa taratibu. Akachungulia kupitia uwazi wa paa: ndama kumi na mmoja, na pembeni, juu ya ngozi, mama yake Bartolomayo, kizee asiyeona, aliyependa kulala humo kwa kuwa ndama, alisema, wana joto na hawaulizi maswali.

"Kuna nini huko juu, fundi?" Bartolomayo, mwenye nyumba, aliuliza kutoka uani.

"Fito tu. Zimelegea."

Akatandaza nyasi juu ya boriti ile mbovu, akamwaga udongo, akaukanyaga kwa visigino mpaka ukalala laini. Kwa macho, hapakuwa na paa bapa la tembe zuri kama lile. Mvua kubwa ya kwanza ingeloweka udongo, udongo ungekuwa mzito, na mchwa wangemaliza hesabu.

Tusimwonee Kefa. Kutoka Mkonze hadi Miyuji hapakuwa na fundi wa matembe mwenye jina safi kuliko lake. Maradhi yake yalikuwa ng'ombe wa mtu mwingine. Yeye na Bartolomayo walibatizwa siku moja, kwa maji ya chungu kimoja, tena Kefa ndiye aliyetangulia. Tangu hapo ng'ombe wa Bartolomayo walizaa kama wanaoshindana. Kefa alikuwa na mbuzi wawili. Mmoja alichukuliwa na fisi, wa pili akafa, labda kwa upweke. Amri ya kumi aliijua kwa moyo. Aliikariri kila jioni, na kila alipofika kwenye ng'ombe wa jirani aligeuza shingo kutazama zizini kama bado ni wengi. Walikuwa wengi.

Adhuhuri alirudi kwake kula. Mkewe, Zipora, alitenga ugali wa uwele na mlenda, akafumba macho akisubiri sala.

"Baba, asante kwa..." Kefa akaanza, akakwama. Akaanza tena, akakwama palepale.

Zipora akafumbua jicho moja. "Asante kwa nini? Mlenda unapoa."

Upande wa mashariki mawingu yalikuwa yamepanda, meusi kama chungu kilichozoea moto. Kefa akaweka mikono magotini, akamweleza mkewe yote. Zipora hakumkemea. Alimuuliza chini ya boriti ile analala nani.

"Ndama."

"Na nani?"

Zipora akafunika chakula kwa ungo, akaitazama boriti ya mpingo iliyoegemea ukuta. Tangu reli ya Wadachi ifike Dodoma, magari yake ya moshi yalikula kuni mchana na usiku, na mti ulionyooka ukawa wa kutafutwa kama dawa. Huo mmoja Kefa aliubeba begani siku mbili, kutoka mbele ya Chamwino, kwa ajili ya paa lao wenyewe, lililokuwa likivuja juu ya kitanda.

"Kitanda kina upande mmoja mkavu," Zipora akasema. "Tutabanana." Akashika ncha ya nyuma ya boriti.

Bartolomayo aliwaona wakiingia uani na mzigo wao, akauliza kama boriti imezaa pacha. Kefa hakucheka.

"Boriti ya ndama imeliwa na mchwa. Niliiona asubuhi, nikaifukia."

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Na mama yangu yumo humo?"

"Nilimwona pia. Ng'ombe wako walikuwa wamenijaa machoni, ndugu yangu. Nisamehe."

Bartolomayo hakusema amesamehe. Aliingia ndani, akamtoa mama yake kwa mkono, akawahamisha ndama, kisha akapanda paani na jembe, akaanza kufukua udongo kwa hasira, huku Kefa akifukua upande wa pili. Ile boriti ya zamani walipoigusa ilivunjika yenyewe. Bartolomayo akakiangalia kipande mkononi, akamwangalia Kefa, akakitupa.

"Sogeza yako," akasema. "Mvua haitungoji tumalize kununiana."

Walikanyaga udongo wa mwisho bega kwa bega matone yakiwa tayari yanawachapa migongoni. Kisha wote wakajibanza chumbani pamoja na ndama. Kizee alipapasa mpaka akaipata ngozi yake, akamwuliza fundi kama paa sasa limepona. "Limepona, mama," Kefa akasema, na safari hii aliweza kusema.

Juu yao mvua ilipiga, ikapiga, na udongo ukaanza kunywa. Ndama mmoja mwekundu akasogea, akaanza kuulamba mkono wa Kefa kwa ajili ya chumvi ya jasho, ulimi wake wa kukwaruza na wa moto, kidole kwa kidole. Kefa akauacha mkono hapo, akaisikiliza mvua ikielekea upande wa nyumbani kwake.