Njia ya Panda

Jumatano, tarehe 14 Agosti 1968. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai ya Mogogosiek, wachumaji wakiitana bila kuonana. Ondieki, mchumaji aliyehamia huko kwa kazi, alitazama juu akamwomba Mungu azuie mvua ya mawe. Habari ilikuwa imefika kwamba mama mkwe wake, ng'ambo ya msitu wa Mau, ni mgonjwa wa kufa. Daraja la barabara kuu lilikuwa limesombwa na mafuriko. Iliyobaki ni njia ya miguu, siku mbili msituni, na mkewe Gesare alikuwa na mimba ya miezi saba.

Jirani yao Kipsang, mwenyeji aliyeijua njia hiyo tangu enzi za kuchunga ng'ombe, alikubali kuwaongoza; binti yao mdogo Moraa wakamwacha nyumbani kwake.

"Mama Moraa, umebeba pakuli?" alimwuliza Gesare wakianza safari.

"Pakuli!" Ondieki akaangua kicheko. "Sisi tuna bakuli, bwana. Hiyo pakuli yako ni ya kulia nini?"

Kipsang alitabasamu kidogo tu. Mzaha huo aliusikia kila Jumapili kanisani.

Mchana Gesare alichoka, akaomba kupumzika. Kipsang akasema atatangulia kuwaombea malazi kwa wapasua mbao waliokuwa mbele msituni.

"Mkivuka mto, njia inagawanyika. Shikeni njia ya panda."

"Sema tena, mwalimu wa Kiswahili!" Ondieki alimtania.

Kipsang hakusema tena. Alijitwika mzigo, akaenda.

Walivuka mto. Njia moja ilifuata maji kuelekea chini; nyingine ilikwea mlima. Wakashika ya kupanda.

Walipanda mpaka miti mikubwa ikaisha, mianzi ikaanza. Mvua ikashuka, na ukungu ukafunga njia mbele na nyuma. Kisha wakakuta kinyesi cha ndovu, bado kinafuka mvuke. Mwanzi ukavunjika mbele yao, paa! Wakasimama. Kitu kikubwa kilivuta pumzi ndani ya ukungu.

Gesare alishika tumbo. "Linakaza," alinong'ona.

Kitu kile kilisogea, polepole, kikaenda zake. Hofu ya Ondieki ikageuka hasira.

"Ametutupa yule Kipsang. Sisi si watu wa kwao, atajali nini?"

"Usiseme hivyo, Mungu anakusikia."

Ondieki akapiga magoti matopeni. Baba, aliomba, usimtoe mtoto wangu hapa. Tuonyeshe njia.

Gesare alikuwa na kiu. "Nipe hiyo pakuli nikinge mvua," alisema, akijaribu kumchekesha. Mara mkono wake ukabaki hewani. "Baba Moraa. Mtu anayeita bakuli pakuli, banda ataliitaje?"

Ondieki alimkodolea macho. Banda la wapasua mbao. Basi ilikuwa ile njia nyingine, ya chini, kando ya mto.

Waliteremka wakiteleza, yeye amemshika kiuno, wakisimama kila tumbo lilipokaza. Jua lilikuwa linazama waliposikia shoka likigongwa kwenye gogo na sauti ya Kipsang ikiwaita. Walimkuta mlangoni pa banda, amelowa chapachapa. Alikuwa amerudi mpaka mtoni kuwatafuta, akakuta mvua imefuta nyayo zao.

"Mtoto?" aliuliza.

"Anacheza," Gesare alisema, akikaa karibu na moto. "Tumbo limelegea."

"Mlikwenda kuwaamkia ndovu?" mpasua mbao mmoja akauliza, wenzake wakacheka.

Kipsang hakucheka. "Nilijua hamkunisikia vizuri," alisema, macho chini. "Ningerudia, lakini ungenicheka."

Maneno hayo yalimchoma Ondieki kuliko baridi ya mlimani. Akavua kofia iliyolowa, akasimama mbele ya mkewe na wapasua mbao wote.

"Nyinyi ni mashahidi," alisema kwa sauti, "na Mungu anasikia. Kipsang, ndugu yangu, sitaucheka ulimi wako tena, wala wa mtu mwingine. Na nisipoelewa, nitauliza kwa heshima mpaka nielewe."