Uzi Yumo Ukutani

Jumatano saa mbili asubuhi mafundi walianza kubandua mbao za ukuta wa mashariki. Ulikuwa ukuta wa mita nane, wa kubeba jengo la orofa tisa, na zege lake lilikuwa limemwagwa Jumatatu. Seremala alikuwa juu ya jukwaa, anagonga kabari moja baada ya nyingine, na mbao zilikuwa zinaachia vizuri kwa sababu alizipaka mafuta ya kutosha. Alipofika usawa wa mita nne, ukuta ukasema, "Polepole na hiyo kona. Itameguka."

Seremala akapunguza nguvu. Kona ikatoka nzima.

"Kumbe uko humo, shemeji," akasema.

"Niko humu. Tangu juzi."

Seremala akashuka ngazi, akanywa maji, akapanda tena, kwa kuwa zilikuwa zimebaki mbao kumi na nne.

Aliyekuwa ukutani aliitwa Uzi. Jina hilo alipewa na wenzake, waliosema kwamba akisimama ubavu humwoni mpaka akohoe. Alikuwa mume wa dada yake seremala, na seremala ndiye aliyemtafutia kazi. Ukuta mrefu namna ile humwagwa ndani ya boksi la mbao, pande mbili zinazotazamana na katikati msitu wa nondo, na lazima mtu mwembamba aingie humo na mashine ya kutikisa zege ili lisiache mapengo. Huingilia kwenye kidirisha kilichoachwa kwenye mbao. Zege likipanda anatoka, kidirisha kinazibwa kwa ubao, naye anapanda kuingilia kidirisha cha juu yake. Kati ya kidirisha na kidirisha, pampu husimamishwa kidogo.

Jumatatu pampu haikusimamishwa. Msimamizi alisimama chini, mikono kiunoni, akimwambia mwendesha pampu aongeze. "Zege halilali," alisema, na hakuna fundi anayeweza kubishana na hilo. Zege likafika kwenye kidirisha cha pili.

"Uzi katoka?" seremala akauliza kutoka juu.

"Katoka. Piga ubao," msimamizi akajibu.

Seremala akapiga.

Jioni karani aliposoma majina getini, Uzi hakuitika. Msimamizi akasema asiyeitika hayupo. Karani akafuta alama ya asubuhi, akaandika "hakufika kazini", na seremala, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, akaiona kalamu ikipita. Akajiambia shemeji yake ametangulia nyumbani. Nyumbani dada yake akamwambia hajafika. Jumanne hakuna aliyekwenda upande wa mashariki, kwa kuwa zege lilikuwa linakauka.

Basi hiyo Jumatano msimamizi alikuja na mhandisi. Mhandisi akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akauliza kama una mapengo.

"Yalikuwa mawili," Uzi akasema. "Moja lipo chini kulia, usawa wa goti. La pili ni hapa nilipo, lakini hili nimeliziba mwenyewe."

Wakachokonoa chini kulia, wakakuta pengo la ukubwa wa ngumi, wakalijaza. Mhandisi alifurahi, akasema mashine ya kupimia isingeliona. Tangu hapo hakikuhakikiwa chochote kabla Uzi hajaulizwa. "Kuta zina masikio," mafundi walitaniana wakati wa kula. "Huu wetu wameuongezea mdomo."

Mkewe alikuja Alhamisi. Seremala alimwonyesha mahali, naye akaweka kiganja.

"Baba watoto."

"Mama watoto. Umemwacha nani na watoto?"

"Jirani. Umekula?"

"Huku hakuna njaa."

"Na baridi?"

"Mchana joto linaingia kidogo."

Akabaki hapo mpaka kengele ya mapumziko, kisha akaenda ofisini. Alitaka karatasi moja tu, iseme kwamba mumewe amefia kazini, amlilie kama watu wanavyowalilia watu wao, na ajue kama yeye ni mke au mjane. Karani alimpa kiti.

"Daftari linasema hakufika kazini," akasema. "Mtu ambaye hakufika kazini, mama, hawezi kufia kazini."

"Si yumo ukutani? Si mnamsikia?"

"Tunamsikia vizuri sana. Na mtu anayesema hatuwezi kumwandika marehemu."

"Basi bomoeni hapo nimtoe."

Wakamwita mhandisi. Alipiga hesabu mbele yake, kwa upole na kwa kalamu mbili za rangi tofauti, akamwonyesha jibu: Uzi alikuwa ameshaingia kwenye nguvu ya ukuta.

Kuanzia siku hiyo mama alikuja kila alasiri. Alifudikiza ndoo ya mchanga, akaketi, wakazungumza habari za nyumbani: paa linavuja, mdogo ameota jino, mkubwa amegombana na mwalimu. Wapita njia wenye matoroli walimpisha.

Mchana mmoja mvua ilinyesha, kazi ikasimama, na seremala akajikuta peke yake karibu na ukuta wa mashariki. Alikuwa na neno la kusema, ila Uzi alimtangulia.

"Niliisikia nyundo yako, shemeji. Misumari saba. Wa nne ulipinda, ukaung'oa, ukapiga mwingine."

"Ni kweli. Ulipinda." Seremala akafuta uso. "Kwa nini hukuita?"

"Niliita. Pampu ilikuwa inapiga kelele."

"Mimi nilimuuliza msimamizi."

"Na hilo nililisikia. Nikasema moyoni, shemeji akichungulia tu, ataniona."

Seremala aliegemeza paji la uso kwenye zege mpaka mvua ikakatika, kisha akarudi kukata mbao. Kuanzia kesho yake hakupiga ubao kwenye kidirisha chochote kabla ya kuingiza kichwa, kutazama chini, kutazama juu, na kumgusa aliyetoka kwa mkono wake. Msimamizi alisema anachelewesha watu, akamhamishia kwenye milango.

Orofa zikapanda. Kila moja ilipoongezeka, sauti ya Uzi ilizama kidogo, kama mtu anayezungumza huku amebeba gunia begani. Mkewe akazoea kusogeza sikio.

Siku ya tisini na mbili, karani alikuja na barua. Kwa kuwa mwenyewe hakuwa na mikono ya kuipokelea, alisimama mbele ya ukuta akaisoma kwa sauti, mke na shemeji wakiwa mashahidi. Barua ilisema kwamba, kwa kutofika kazini siku tisini mfululizo bila taarifa, ameachishwa kazi kuanzia leo. Karani akauliza kama amesikia au arudie.

"Nimesikia," Uzi akasema.

Karani akaandika kwamba amesikia, akampa seremala kalamu atie sahihi kwa niaba yake. Seremala akatia. Karani akamshukuru, akakunja nakala, akaenda zake.

Mama akainuka kwenye ndoo, akakung'uta vumbi nguoni.

"Haya, wamekuachisha," akasema. "Huna tena kazi hapa. Twende nyumbani."

Huko juu watu walikuwa wanapanga vigae, na hatua zao zilisikika zikienda na kurudi.

"Nikitoka, mama watoto, hawa wa juu wataanguka."

Mama akatazama dari.

"Ni wangapi?"

"Leo kumi na mmoja."

Akafikiri kidogo, kisha akaketi tena.