Kipimo cha Huruma

Kwa miaka kumi na mmoja mwanamke huyu alikaa kwenye kiti kilichochakaa upande mmoja, karibu na dirisha, akipokea simu za watu waliokwama kwenye lifti. Ndiyo kazi hiyo, msicheke. Kampuni yao ilitengeneza lifti za majengo, na lifti inapogoma katikati ya ghorofa, aliyemo ndani anabonyeza kitufe chekundu, na sauti anayoisikia ni ya mwanamke huyu. Hakuwa na maneno mengi wala vilio vya kumsindikiza mtu. Alikuuliza umeshika nini mkononi, akakwambia ukiweke chini, ukae, upumue. Mafundi wakampachika jina la Mama Pumua, na hata meneja alishasahau jina lake halisi.

Kazi aliipenda. Tuseme ukweli, nyumbani alikuwa na mume mnung'unikaji na watoto waliokua wakaondoka. Kwenye kile kiti alikuwa mtu.

Basi akaja ofisa utumishi mpya, kijana mwenye adabu zake, ila kila kitu kwake ni asilimia. Siku ya pili tu alishaitwa Bwana Asilimia. Alikuja na kipimo cha hulka za wafanyakazi: sentensi sitini kwenye kompyuta, zilizotafsiriwa na nani sijui, Mungu amsamehe. Unasoma, unabonyeza "ndivyo nilivyo" au "sivyo nilivyo". Mama Pumua alijibu kwa uaminifu mpaka akafika ya thelathini na moja: "Ninajisikia sana ninapoongea na mtu mwenye shida."

Akaguna. Ajisikie, yeye? Mtu amekwama gizani, anatetemeka, halafu yeye ndiyo amletee maringo? Akabonyeza "sivyo kabisa". Zikafuata nyingine tano za ukoo huohuo, kujisikia mbele ya wageni, kujisikia mwenzako akilia, na zote akazikana kwa moyo mweupe.

Majibu yalipotoka, Bwana Asilimia alimwita ofisini.

"Huruma, asilimia nne," alisema. "Mama, hata mimi nimeshtuka. Lakini kipimo kinasema mtu wa asilimia nne asikae karibu na wateja."

Mama Pumua akaomba aonyeshwe sentensi zile. "Mwanangu," akamuuliza, "tukisema fulani anajisikia, ni mtu wa namna gani?"

Kijana akafikiri. "Mwenye kiburi." Kisha akasoma skrini tena, midomo ikichezacheza, akacheka mpaka akafuta macho: kumbe mtafsiri alikusudia kuguswa na shida ya mwenzako. Alielewa. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba alielewa. Lakini kwenye ule mfumo hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba umeelewa. Palikuwa na kitufe kimoja tu, cha kurudia.

Mama Pumua akarudia. Safari hii alijua kinachotakiwa. Ninajisikia: ndivyo kabisa. Kila alipobonyeza aliona aibu, maana ni kama anajitukana mwenyewe. Majibu yakatoka kabla hajavua miwani: huruma tisini na tano, ukweli kumi. Chini yake maelezo: mhusika amebadili majibu ili apendeze, asiaminiwe.

Hapo damu ikamchemka, akapiga meza kwa kiganja. Bwana Asilimia akamtazama kwa huzuni. "Mama, tafadhali. Hata hasira ina sehemu yake humu, na mimi sitaki kuijaza."

Akaurudisha mkono mapajani. Alikuwa na mengi ya kusema na hakuna hata moja lililokuwa salama. Akinyamaza, hana hisia. Akisema, ana hasira. Akatia sahihi barua ya uhamisho.

Walimpeleka stoo ya vipuri, ghorofa ya chini kabisa, agawe nati na nyaya. Kiti chake akapewa binti wa mapokezi, huruma tisini na nane. Binti mwema, moyo laini, tena laini mno. Simu yake ya kwanza ilikuwa ya mzee aliyekwama na mjukuu wake. Mzee akalia, mtoto akalia, na binti naye akadakia. Akashuka ngazi mbio mpaka stoo, simu mkononi kaiziba kwa kiganja isinase sauti, machozi yanamtoka.

"Shangazi, nisaidie."

Mama Pumua alinyoosha mkono, halafu akausitisha. Kila simu ilirekodiwa, na sauti yake ilishapigwa marufuku kwa wateja. Akainama sikioni mwa binti, akawa ananong'ona, na binti anarudia. Muulize ameshika nini. Mwambie amkalishe mtoto. Dakika ishirini hivyo, mpaka mtoto akaanza kuuliza maswali na fundi akafungua mlango.

Ijumaa, kwenye mkutano wa wafanyakazi wote, Bwana Asilimia aliwasikilizisha rekodi ile tangu mwanzo mpaka mwisho. Watu wakapiga makofi. "Mmesikia?" akasema. "Kipimo hakikukosea."

Binti akageuka kumtafuta Mama Pumua, aliyesimama nyuma kabisa na aproni ya stoo. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka. Mama Pumua akamtikisia kichwa, asiseme. Wakijua, binti atakatazwa kushuka ngazi zile, na atakayekwama kesho ataongea na nani? Roho ilimuuma sana, tena sana. Akapiga makofi na wenzake, kisha akatangulia kushuka stoo, ili simu ikilia binti amkute.