Rangi ya Njano ya Mtaa wa Lipford

Odell Tuggle alinitembeza kwa gari kila Jumapili baada ya ibada, kwenye barabara kuu inayouzunguka mji wetu wa Memphis, na kila Jumapili alizunguka upande uleule. Mji wote ulikuwa dirishani kwake. Kwangu mimi yalipita maghala, viwanja vya magari mabovu na migongo ya maduka. Mwanzoni nilidhani ni mazoea tu. Mwanamume aliyefiwa na mkewe ana haki ya kung'ang'ania njia anayoijua. Baadaye nikaanza kumtazama kwa pembe ya jicho, nikijiuliza ananificha nini huko kushoto, upande wake wa usukani.

Kwa watu wa kanisa letu, ukishafika umri wangu, huchumbiwi sebuleni mbele ya wajukuu. Unachumbiwa garini. Mwanamume anakufungulia mlango mbele ya macho ya akina mama wote, unapakata sahani yako ya samaki wa kukaanga kutoka jikoni mwa kanisa, mnazunguka mji, mnarudi jua lingali juu ili pasiwe na la kusemwa. Jumapili iliyotangulia, Odell alikuwa ameniomba nimwoe, maana kwa alivyonung'unika na kutokwa jasho, ni kama mimi ndiye niliyetakiwa kumwoa yeye. Alisema angetaka jibu Jumapili hii, tutakaporudi kwenye uwanja wa kanisa.

Jibu nililitaka mimi kwanza. Dada yangu Jewel alikuwa amenipigia simu asubuhi hiyo na kunikumbusha, kana kwamba niliwahi kusahau, kwamba Tuggle ni Tuggle, na kwamba baba yetu angegeuka kaburini.

Sisi na akina Tuggle tulikuwa majirani wa kutazamana, mtaa wa Lipford, enzi ambazo serikali ilitaka kupitisha barabara kuu katikati ya mji, ikate Bustani ya Overton na kila kilichokuwa mbele yake. Habari hiyo iliua mtaa kabla ya tingatinga kufika. Hakuna aliyeziba paa tena. Ngazi zikaoza, vioo vilivyopasuka vikabandikwa karatasi. Nani anunue msumari kwa nyumba itakayobomolewa? Kisha, majira ya kuchipua, Bi Corrine Tuggle, mama yake Odell, akaipaka nyumba yake rangi ya njano. Kuta, nguzo za baraza, hata kizimba cha mbwa.

Baba aliisoma rangi ile kama ramani. Alisema mtu mwenye akili hapaki rangi nyumba ya kubomolewa, basi Corrine ameambiwa na wakubwa kwamba barabara itapinda na kuchukua upande wetu. Akauza mapema, kwa bei ya kutupa, tukahama. Tingatinga likaja likaila nyumba yetu mchana mmoja. Halafu mahakama ikasema bustani isiguswe, barabara ikafutwa, na nyumba ya njano ikabaki imesimama ikitazama uwanja wa magugu. Baba hakulitaja tena jina la Tuggle bila kutema mate. Nami nilirithi chuki hiyo nzima nzima, kama wengine wanavyorithi vyombo.

Tulipokaribia upande wa magharibi wa mzunguko, nikaiweka sahani chini miguuni.

"Odell, mbona huzunguki upande wa pili hata siku moja?"

"Upande wa pili una nini?"

"Hilo ndilo ninalokuuliza."

Mbele yetu, kushoto, yalitokea yale madaraja ya barabara iliyofutwa. Yanapanda juu, yanageuka kuelekea mjini, kisha yanakatika hewani, na vichaka vimeota kwenye ncha zake. Nilijiinamisha nipate kuyaona kupita bega lake. Akapunguza mwendo, lori nyuma yetu likapiga honi.

"Ndiyo hayo," akasema. "Tungezunguka upande wa pili, yangekuja dirishani kwako. Sikutaka uyaone ukiwa ndani ya gari langu."

"Kwa sababu mama yako alijua."

"Dada Maddox," akasema, na nikajua ameogopa, maana jina hilo huniita mbele ya mchungaji tu, "miti ya bustani ilipata mawakili. Sisi tulikuwa na nani wa kutunong'oneza?"

Maneno mazuri, lakini kila mtu wa mji huu huyasema. Sikuyaamini. Nilimwambia mtu hatumii rangi bure, na kwamba nikishuka garini bila kuelewa, nimeshuka moja kwa moja.

Akashika usukani kwa mikono miwili.

"Brashi nilishika mimi. Nilimwuliza mama, tunapaka ya nini? Akaniambia nyumba hii imenilelea watoto watano, siwezi kuiacha iende na uchafu. Maiti huoshwa, Odell. Paka." Akalipisha lori lililokuwa nyuma yetu. "Ilikuwa sanda, Zelia. Tulikuwa tunaivisha ikazikwe."

Nilitaka kulia, nikajizuia. Mwana wa mtu akitaka mke anaweza kubuni hata sanda. Nikamwambia baba yangu alikwenda kuuliza, na alirudi akiwa na hakika.

"Najua. Nilikuwa juu ya ngazi. Baba yako akasimama chini yangu, akamwuliza mama, Corrine, umesikia nini? Mama akasema, nimesikia unachosikia wewe. Nami nikacheka. Baba yako akaniangalia, akaondoka."

"Ulimcheka kwa nini?"

"Tone la rangi lilimdondokea juu ya kofia, nyuma, naye hakujua. Nilikuwa kijana mpumbavu, nikaona kichekesho. Wiki hiyohiyo mkauza. Tangu hapo nimejiuliza kama ni mimi."

Nilikuwa nimeiona kofia ile. Baba aliingia nayo jikoni akiwa amevimba, akasema hata kijana wao ananicheka, wanajua hao. Mama akaisugua kwa tapentaini mpaka vidole vikamwuma, na tone la njano halikutoka. Hakuivaa tena, ilining'inia msumarini katika nyumba mpya, nyuma ya mlango wa chumba chao, mpaka tulipomzika nayo. Hakuna mtu wa nje aliyepata kuiona. Hata Jewel hakujua doa lile lilitoka wapi, basi hilo Odell hakulibuni.

Nyumba yetu ilikwenda kwa kicheko cha kijana aliyekuwa juu ya ngazi. Nilimkasirikia Odell, nikamkasirikia baba, nikamwonea huruma baba kuliko nilivyowahi kumwonea alipokuwa hai.

Tukafika uwanja wa kanisa. Akasimamisha gari karibu na langu, hakuzima injini, na hakuniuliza lile alilokuwa amekuja kuuliza. Akashika kitasa chake ashuke kunifungulia mlango.

"Kaa," nikamwambia.

Akakaa.

"Zunguka tena. Upande wa pili."

Akawasha taa ya kugeuka. Nikaiokota sahani ya samaki, ilikuwa imeshapoa, nikafungua kioo cha upande wangu mpaka chini.